Mwanangu alipelekwa Kongo: je, jeshi la kigeni lina haki ya kuingia nchi ya watu?

"Mwalimu, pole na kazi. Mimi nauza nafaka Uyole, Mbeya. Mwanangu wa pili ni askari wa JWTZ, alikuwa kwenye kikosi cha SADC kule Kongo, akarudi mwaka 2025 baada ya waasi wa M23 kuuchukua mji wa Goma. Nilimshukuru Mungu. Sasa majirani wananichoma. Wengine wanasema vijana wetu walipelekwa kulinda madini ya wakubwa. Wengine wanasema nchi ya watu haiingiliwi, kila mtu amalize ya kwake. Shemeji yangu anasema Nyerere alimng'oa Amin na hakuna aliyemlaumu, kwa hiyo tungeingia kwa nguvu zote. Mwanangu mwenyewe haongei. Yuko likizo nyumbani, usiku anashtuka, mlango ukibamizwa anaruka, na ameanza kunywa. Naomba kujua: kwenda kule ilikuwa haki au haikuwa haki? Na wakiitwa tena nifurahi au nilie?"

Kamwene kutoka Iringa, dada yangu, na pole sana. Unabeba mambo haya peke yako huku wateja wanasubiri kupimiwa mahindi. Umeuliza kitu kimoja lakini ndani yake viko vitatu: kama sheria iliruhusu, kama lilikuwa jambo jema, na kama lilifanywa inavyostahili. Vijiweni watu huvichanganya vyote, na ndiyo maana ubishi wake hauishi. Kuhusu usingizi na pombe za kijana wetu nimeandika mwishoni. Hayo ndiyo yenye haraka, kwa hiyo kama leo una dakika chache tu, shuka ukayasome hayo kwanza. Haya mengine utayasoma kesho.

Nianze na shemeji yako, kwa sababu mfano wake ndio unaotajwa sana na ndio unaojulikana nusunusu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaua, yakapora na kuchoma kaskazini mwa Mto Kagera, kisha Amin akatangaza kwamba eneo lile sasa ni la Uganda. Hapo hapakuwa na utata wowote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945, katika ibara ya 2, unakataza nchi kutumia nguvu dhidi ya nchi nyingine, lakini ibara ya 51 inaiachia kila nchi haki ya kujilinda inaposhambuliwa. Tulishambuliwa, tukajilinda.

Utata ulikuja baada ya Kagera kukombolewa, jeshi letu lilipoendelea mbele hadi Masaka, Mbarara na hatimaye Kampala, ambayo iliangukia mikononi mwa JWTZ na wapiganaji wa Kiganda tarehe 11 Aprili 1979. Je, kujilinda kunafika mpaka Ikulu ya aliyekushambulia? Wapo waliosema hapana, tena kwa sauti kubwa. Kwenye mkutano wa wakuu wa nchi wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) mjini Monrovia, Julai 1979, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walitulaumu waziwazi. Hofu yao ilikuwa kwamba tukikubaliwa sisi, kesho kila jirani mwenye nguvu atajipa ruhusa ya kumwondoa rais asiyempenda. Mwalimu Nyerere alijibu kwamba vita vilikuwa viwili: vya Tanzania kumpiga mvamizi, na vya Waganda wenyewe kumwondoa dikteta wao.

Mimi naona tulikuwa na haki, na nasema hivyo nikijua kwamba sheria ilivyoandikwa haikutukinga vizuri. Amin alikuwa ameua watu wake kwa miaka minane. Makadirio yanayotajwa sana yanafika watu 300,000. Alikwisha kuonyesha kwamba mpaka si kitu kwake. Libya ilikuwa imemletea askari. Na Waganda hawakuwa watazamaji: walipigana, na walikutana Moshi Machi 1979 kupanga serikali yao. Mambo hayo yakikaa pamoja, kumwacha Amin ajipange upya kungekuwa kuahirisha vita.

Lakini mwulize shemeji kilichofuata. Yusufu Lule, rais aliyemfuata Amin, alikaa madarakani siku 68 tu. Akaja Binaisa, akaondolewa. Uchaguzi wa Desemba 1980 ukamrudisha Obote, rais ambaye Amin alimpindua, katikati ya malalamiko ya wizi wa kura, na Uganda ikaingia kwenye vita vya msituni, hasa Luwero, mpaka Museveni alipoingia Kampala Januari 1986. Waganda wengi walikufa katika miaka hiyo baada ya "ukombozi". Huku kwetu Mwalimu alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18, na wazee wa Mbeya watakuambia mkanda ule ulibana kwa miaka, foleni za sabuni na sukari zikawa maisha. Kwa hiyo hata katika vita ambavyo mimi navihesabu kuwa vya haki, tena vya ushindi mkubwa, bunduki ilimwondoa mtu mmoja na haikuweza kujenga serikali ya watu kuaminiana. Anayesema "tungeingia kwa nguvu zote" aanze na hesabu hiyo.

Sasa wale wa "nchi ya watu haiingiliwi". Usiwadharau, dada. Hoja yao ina mizizi hapa hapa nyanda za juu kusini. Mwaka 1889 bunge la Ujerumani lilipitisha fedha za kumpeleka Hermann von Wissmann Afrika Mashariki, na sababu iliyotangazwa ilikuwa kupambana na biashara ya utumwa. Nani angepinga hilo? Biashara ile ilikuwepo kweli, na ilikuwa ukatili mtupu. Lakini jeshi lililoletwa kwa sababu hiyo halikurudi kwao. Agosti 1891 lilikuwa Lugalo likipigana na Mkwawa, na Oktoba 1894 likaibomoa ngome ya Kalenga kwa mizinga. Ukifika makumbusho ya Kalenga, kilomita chache tu kutoka hapa nilipo, utaona fuvu la Mkwawa ndani ya kisanduku cha kioo. Kulirudisha kuliandikwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, na likarudi mwaka 1954. Watu waliozaliwa karibu na historia kama hiyo wana kila sababu ya kumtazama kwa makini mgeni mwenye silaha anayesema amekuja kuwaokoa.

Ndiyo maana OAU ilipoanzishwa mwaka 1963 ilishika sana kanuni ya kutoingiliana. Nchi zilikuwa changa, mipaka ilikuwa ya kuchorwa na wakoloni, na kila mtu aliogopa kurudishwa nyuma. Kanuni ile iliokoa mengi. Pia iliwafunika wauaji.

Aprili 1994 ndipo ilipoonekana waziwazi. Umoja wa Mataifa ulikuwa tayari na askari Rwanda, chini ya Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada. Mauaji ya kimbari yalipoanza na askari 10 wa Ubelgiji kuuawa, Ubelgiji ikaondoa kikosi chake, na tarehe 21 Aprili, watu wakiwa wanachinjwa kwa maelfu kila siku, Baraza la Usalama likapiga kura kukipunguza kikosi kibaki na watu kama 270. Ndani ya siku zipatazo 100 waliuawa watu wapatao 800,000. Sisi Watanzania tuliyaona kwa macho: maiti zilikuja na maji ya Kagera mpaka Ziwa Victoria, na mwishoni mwa mwezi ule watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya siku moja hivi. Kila mtu alikuwa ameheshimu mpaka wa Rwanda. Jirani yako anayesema "kila mtu amalize ya kwake" mwulize kwa upole: wale wa Rwanda wangeyamalizaje?

Baada ya hapo Waafrika wenyewe, bila kusukumwa na mzungu yeyote, waliibadili kanuni. Mkataba wa kuanzisha Umoja wa Afrika, uliopitishwa Lomé Julai 2000, unasema katika ibara ya 4(h) kwamba Umoja una haki ya kuingilia nchi mwanachama pakiwa na uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu. Ibara inayofuata kidogo, 4(j), inairuhusu nchi yenyewe kuomba msaada. Mwaka 2005 viongozi wa dunia wakakubaliana New York kwamba serikali ikishindwa kabisa kuwalinda watu wake dhidi ya maovu hayo, jumuiya ya kimataifa inawajibika, kupitia Baraza la Usalama. Kwa hiyo kusema nchi haiingiliwi kamwe ni kusema sheria ya jana.

Tena sisi tumeshiriki operesheni ambayo vijana wengi hawaijui kabisa. Machi 2008 JWTZ pamoja na askari wa Sudan, kwa baraka za Umoja wa Afrika, waliwasaidia askari wa Komoro kukirudisha kisiwa cha Anjouan kutoka kwa Mohamed Bacar, aliyekuwa amegoma kuondoka madarakani. Ilikwisha haraka, na damu iliyomwagika ilikuwa kidogo sana. Kwa nini? Serikali halali iliomba, lengo lilikuwa dogo, na upande wa pili hapakuwa na nchi jirani inayomwaga silaha. Gambia Januari 2017 ilifanana na hiyo: majeshi ya Afrika Magharibi yalijipanga mpakani, yakaingia, Yahya Jammeh akaondoka, na aliyeshinda uchaguzi akashika madaraka.

Nimetaja hizo mbili ili uone zinavyotofautiana na Libya. Machi 2011 Baraza la Usalama lilitoa azimio namba 1973 la kuwalinda raia, hasa wa Benghazi, ambao majeshi ya Gaddafi yalikuwa yanawakaribia. Hatari ile ilikuwa ya kweli. Lakini ndege za NATO, umoja wa kijeshi wa Marekani na nchi za Ulaya, hazikuishia kuilinda Benghazi. Ziliendelea miezi saba mpaka Gaddafi alipouawa Oktoba, huku mpango wa usuluhishi wa Umoja wa Afrika ukiwekwa kando. Aliyepewa ruhusa ya kuingia shambani kutoa ng'ombe waliovamia mahindi hajapewa ruhusa ya kuvuna. Libya ikabaki na serikali mbili na wanamgambo wasiohesabika, silaha zake zikateremka hadi Mali, na tangu hapo Urusi na China hazina hamu ya kuruhusu tena azimio la namna ile. Wanaoumia kwa hilo ni raia wa nchi nyingine kabisa, ambao siku wakihitaji kulindwa kweli watakuta mlango umefungwa.

Tuje kwenye madini, maana najua ndilo lililokuchoma zaidi. Wewe uko Uyole; malori unayaona. Yametoka Tunduma, yamepita mzani wa Mpemba, mengine yamebeba vibati vizito vya shaba vilivyofungwa kwa mikanda ya chuma, yanakwenda bandari ya Dar es Salaam. Mtu anayaona anasema: hayo ndiyo vijana wetu wanafia. Lakini shaba ile inatoka kusini ya Kongo, upande wa Lubumbashi na Kolwezi, na inakuja kupitia Zambia. Goma iko kaskazini-mashariki, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Lubumbashi. Kongo ni kubwa mara mbili na ushee ya Tanzania. Kinachopita dukani kwako hakikutoka kwenye vita alivyokwenda mwanao.

Kule Kivu, upande wa Goma, kuna madini mengine: dhahabu, na koltani inayoingia kwenye simu tulizoshika. Yanahusika na vita, ila kwa njia tofauti na wanavyosema majirani. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba M23, baada ya kulichukua eneo la Rubaya mwaka 2024, ilikuwa inatoza ushuru biashara ya koltani, na kwamba mzigo ulikuwa unavushwa kwenda Rwanda. Wameandika pia kwamba askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 walikuwa ndani ya Kongo wakipigana bega kwa bega na M23. Rwanda inakana, na inasema tatizo lake ni FDLR, kundi ambalo ndani yake wamo waliohusika na mauaji ya 1994. FDLR ipo kweli, na Watutsi wa Kongo wamebaguliwa kweli, hata uraia wao kutiliwa shaka. Malalamiko ya kweli na biashara ya magendo vinaweza kukaa nyumba moja. Ninachoweza kukuambia kwa uhakika ni kwamba kikosi cha SADC hakikupewa migodi ya kulinda. Kiligharamiwa na nchi za SADC zenyewe, tena kwa shida. Wanaosema "wanalipwa na wazungu" wanachanganya na vikosi vya Umoja wa Mataifa, ambako nchi inayotoa askari hurudishiwa takriban dola 1,400 kwa mwezi kwa kila askari, na fedha hizo huenda serikalini.

Basi, Kongo. Kisheria swali lako ni jepesi kuliko unavyofikiri. Serikali ya Kinshasa iliomba msaada, na nchi za SADC zina mkataba wa kulindana wa mwaka 2003. Mwenye nyumba amekukaribisha, kwa hiyo neno uvamizi haliwahusu. Anayeingia bila kuitwa na Kinshasa ndiye mwenye kesi ya kujibu, na Baraza la Usalama lilisema hivyo katika azimio namba 2773 la Februari 2025, likiitaka Rwanda iache kuisaidia M23 na iondoe askari wake.

Lilikuwa jambo jema? Mimi nasema ndiyo, kwa nia na kwa sababu. Watu wa Kivu wameishi kwenye vita kwa karibu miaka thelathini, wakikimbia na magodoro kichwani kutoka kambi moja kwenda nyingine. Kukaa kando ilhali tuna jeshi lenye nidhamu, na ziwa moja tu la Tanganyika kati yetu na wao, kungekuwa kuwaambia haituhusu.

Lilifanywa inavyostahili? Hapana. Na hapa naomba usome taratibu, kwa sababu ndipo penye maumivu ya mwanao.

Linganisha mara mbili tulizokwenda kupigana na M23. Machi 2013 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2098, liliunda brigedi maalumu ndani ya kikosi cha Umoja wa Mataifa: Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, askari wasiozidi 3,069, kamanda wa kwanza akiwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Ilikuwa na mizinga na helikopta za kushambulia, ikishirikiana na jeshi la Kongo lililokuwa limepangwa upya. Muhimu kuliko yote, wafadhili walikuwa wameizuilia Rwanda misaada na Marekani ilikuwa inaibana. M23 ilipoteza uungaji mkono kutoka nje, na Novemba 2013 ikasalimu amri. Watu wakasema JWTZ imeshinda. Ilishinda kweli. Ila wapiganaji waliokimbilia Uganda na Rwanda walikaa kambini miaka mingi, makubaliano ya Nairobi ya Desemba mwaka ule hayakutekelezwa sawasawa, na jeshi la Kongo likarudi kwenye ufisadi wake. Ushindi ule ulinunua muda, na wanasiasa waliuacha upite. Mwishoni mwa 2021 M23 ikaibuka tena.

Mara ya pili, Desemba 2023, kikosi cha SADC kilikwenda kikiwa kimeidhinishiwa askari 5,000 lakini idadi hiyo haikufikiwa. Hakikuwa na ulinzi wa kutosha wa angani. Kililazimika kutegemea jeshi la Kongo pamoja na wanamgambo wengi wasio na amri moja. Upande wa pili palikuwa na adui mwenye silaha bora kuliko 2013, na safari hii aliyemsaidia hakubanwa mapema. Afrika Kusini ilipoteza askari 14 katika mapigano ya Januari 2025, Malawi ikapoteza watatu, na sisi wawili. Goma ilianguka mwishoni mwa mwezi ule, na askari waliobaki wakajikuta wamezungukwa kambini, hawawezi kupigana wala kuondoka. Tarehe 13 Machi SADC ikavunja kikosi. Mwanao alikuwa ndani ya hayo. Hakushindwa kazi, alipewa kazi isiyolingana na kile alichopewa kuifanyia.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: kwenda ilikuwa haki, namna walivyopelekwa haikuwa haki kwao wala kwa raia waliowategemea. Raia akiona kofia za askari wa kigeni huacha kukimbia. Anabaki na watoto wake akiamini analindwa. Ukimpa imani hiyo bila nguvu ya kuitimiza, umemweka kwenye hatari zaidi ya ile uliyomkuta nayo. Tulikwisha kulipia somo hilo tarehe 7 Desemba 2017 pale Semuliki, karibu na Beni, kambi ya Watanzania iliposhambuliwa kwa saa nyingi bila msaada kufika kwa wakati. Tulipoteza askari 15.

Umeuliza kama ufurahi au ulie wakiitwa tena. Mimi ningekuomba uulize, na umwulize mbunge wako, kabla hawajaondoka. Nani ameomba, na je, ndiye serikali halali? Kazi yenyewe ni ipi: kulinda mji mmoja, barabara, kambi ya wakimbizi, au "kuleta amani", ambayo hakuna askari aliyewahi kuileta peke yake? Wanaomsaidia adui watabanwa na nani, lini? Helikopta ziko ngapi, na majeruhi atafika hospitali kwa njia gani? Watarudi lini, na mambo yakiharibika watatolewaje? Katiba yetu, ibara ya 44, inalipatia Bunge nafasi ya kujadili Rais anapotangaza hali ya vita, lakini kupeleka kikosi cha kulinda amani si kutangaza vita, hivyo jambo kubwa kama hili laweza kupita bila mjadala wa wazi. Naona hilo ni pengo. Siri za mbinu zibaki jeshini. Lengo na muda wa kazi ni haki ya mzazi kuvijua. Msumbiji tulikuwa na sababu zilizo karibu zaidi na ngozi yetu, maana wapiganaji wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, walishavuka na kuua Kitaya, Mtwara, Oktoba 2020. Hata huko maswali ni yale yale.

Majirani usibishane nao sana. Anayekuambia mwanao alikuwa mlinzi wa migodi, mwambie hivi tu: aliamriwa, akaenda, na uamuzi ulikuwa wa marais. Askari huwajibika kwa alivyopigana. Kwa nini vita vilipiganwa ni mzigo wa waliomtuma.

Sasa kijana. Kushtuka usiku, kuruka mlango ukibamizwa, kukaa kimya na kukimbilia pombe ni mambo yanayowapata watu wengi waliotoka kwenye mapigano, hasa waliowahi kuzingirwa. Mwili ulijifunza kukaa macho saa zote ili uishi, na haujajua kwamba sasa uko Uyole. Si uoga, si laana, wala hajarogwa. Ni hali inayojulikana kitabibu na inatibika, kwa mazungumzo ya kitaalamu na wakati mwingine kwa dawa. Ikishapita mwezi mmoja bila kupungua, usisubiri iishe yenyewe. Pombe inamlaza haraka lakini inauharibu usingizi wa alfajiri na kuongeza ndoto mbaya, ndiyo maana anaongeza glasi.

Nyumbani usimwulize aliona nini wala kama aliua. Mwambie umeona hapati usingizi, na kwamba akitaka kuongea utasikiliza, akitaka kukaa kimya utakaa naye. Waonye wadogo zake wasimwamshe kwa kumshika. Wamwite jina wakiwa mlangoni. Akianza kusema maisha hayana maana, akigawa vitu vyake, akimpiga mtu au akitafuta silaha, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, usiku au mchana, na asiachwe peke yake.

Kwa hali uliyoieleza, mpeleke wiki hii kwenye kitengo cha afya ya akili cha Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, au hospitali ya jeshi kama yuko tayari. Huenda anaogopa kwamba jina lake litachafuka kikosini. Mwambie kuumia kazini ni kuumia kazini, na kwamba maelezo ya daktari yaliyoandikwa mapema yatamsaidia baadaye ikibidi kudai matibabu au kupangiwa kazi nyingine. Mbeya wapo pia wazee waliokwenda Uganda mwaka 1979. Kama unamfahamu mmoja mtulivu, asiye mlevi, mwombe aje kunywa chai. Kijana anaweza kumwambia mzee kama huyo asichoweza kukuambia wewe. Lakini chai hiyo isichukue nafasi ya daktari. Akikataa kwenda, nenda wewe peke yako hospitali siku hiyo hiyo, mweleze muuguzi wa kitengo hicho yote uliyoniandikia mimi, na mpange naye namna ya kumleta.